Mtumbwi wa Baba Ulivyoandikwa Karatasini

Ilianza Alhamisi ya likizo, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa natazama saa kwenye simu ya mama, nahesabu muda wa maharage jikoni, baba alipoingia uani na bahasha mkononi.

"Mama, kamata kaye na kalamu."

Mama ni mimi. Ndivyo baba anavyoniita, na kaye ni daftari langu la shule.

Barua ilikuwa imetoka Mpulungu, Zambia, mwisho kabisa wa ziwa letu. Wenye karakana ya mitumbwi kule walimtaka baba kwa miezi minane. Pasipoti alikuwa nayo, picha alikuwa nazo. Lakini ili apewe kibali cha kufanya kazi kule, alitakiwa aonyeshe karatasi ya kuthibitisha kwamba ni fundi kweli, na baba aliacha shule mwaka wa nne. Ufundi alifundishwa na mjomba wake, na mjomba hakumpa diploma, alimpa tezo ya kuchongea. Mkubwa mmoja wa ofisi ya komini, serikali ya eneo letu, akamwambia: aandike anavyojenga mtumbwi, na vipimo vyote. Akiridhika, atapiga muhuri.

Nilidhani ni ukurasa mmoja. Baba alikaa kwenye kigoda, akafumba macho.

"Andika. Mti wa chini, ule unabeba wote, mikono kumi na nane. Upana wa katikati, mikono tatu. Ubavu wa tano toka mbele, usipinde kwa nguvu. Tafuta tawi lililojipinda lenyewe. Umeandika?"

"Ndiyo, baba."

"Basi usinikate maneno."

Mimi sikuwa nimemkata. Aliendelea zaidi ya saa mbili bila kufumbua macho. Mbao moja baada ya nyingine, msumari unapoingia na unapokataa kuingia, pamba ya kuziba nyufa inavyolowekwa kwenye mawese ya moto. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa hewani, na mimi niliona kabisa vinashika kitu. Maharage yaliungua. Miaka kumi na sita nimeishi nyumba moja na mtu huyu, nikijua tu kwamba anagonga misumari. Kumbe mtumbwi mzima unakaa kichwani mwake! Niliogopa kidogo, kama mtu anavyoogopa ndani ya kanisa kubwa lisilo na watu.

Baba hapimi kwa mita. Anapima kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu. Komini wanataka mita. Nikakumbuka tuliyofundishwa darasani, mkono mmoja ni nusu mita, nikageuza kila kitu, nikapiga mistari kwa rula, nikajisifu moyoni.

Baba akazipeleka karatasi komini, na saa nane mchana yule mkubwa alikuja mwenyewe ufukweni na mita yake ya kukunja. Mtumbwi wa mwisho wa baba ulikuwa umevutwa mchangani. Akapima, akatazama karatasi, akapima tena.

"Mzee, hapa umeandika mita tisa. Mimi niko naona nane na sentimita ishirini na nane. Nitie sahihi mutumbwi gani? Ya karatasi ama hii?"

Wavuvi waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa wa ziwani, wakacheka wakimwambia mkubwa: "Jua imeukausha, chef! Kama ndagala!"

"Mikono kumi na nane," baba alisema. "Sijakosea." Lakini alikuwa anautazama mtumbwi wake kama mtu aliyesalitiwa, na yule mkubwa alishaanza kukunja mita.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Darasani nikiulizwa jambo ninalolijua, natazama meza mpaka mwalimu achoke. Siku ile nilikuwa nimejificha nyuma ya baba, na mkono wake uliokuwa unaning'inia mbele yangu ndio nilioutazama. Ni mfupi. Baba ni mtu mfupi! Nikaelewa.

"Buretse," nilisema. Subiri. Sauti ilitoka nyembamba mno. "Baba, nyoosha mkono."

Nikatoa rula iliyokuwa ndani ya kaye, nikaiweka kwenye kiwiko chake, mara moja, halafu tena. Sentimita arobaini na sita.

"Mimi niliandika hamsini. Kosa ni langu, si lake."

Yule mkubwa akapiga hesabu kwenye simu. Arobaini na sita mara kumi na nane. Ikatoka mita nane na sentimita ishirini na nane. Akaenda kwenye upana, mikono mitatu: mita moja na thelathini na nane, sawasawa. Akachagua ubavu, akachagua mbao, kila mahali mkono wa baba ukawa sahihi hadi sentimita. Wavuvi waliacha ndagala wakasogea. Hakuna aliyecheka tena.

"Mzee," akasema polepole, "huyu mutoto aandike upya. Kesho mulete, nitapiga muhuri."

"Murakoze," baba akamshukuru.

Kibali chenyewe kilitoka wiki kadhaa baadaye, na nyumba ikawa kubwa baba alipoondoka. Lakini kabla ya hayo, kesho yake asubuhi, muhuri ulipokauka na baba akapanda basi kwenda Bujumbura kuomba kibali na karatasi zake, mimi nilishuka ufukweni na kaye yenye makosa. Nikaingia ndani ya mtumbwi, nikaanza mbele, nikawa nasoma kwa sauti na kugusa, ubavu kwa ubavu, wala sikujali nani ananisikia.