Raba za Kuzuia Tope

Mdogo wangu aliingia kwangu asubuhi bila kubisha hodi, akiwa na kitambaa kilicholowa tope, akakibwaga mezani karibu na kikombe changu cha chai.

"Dada, hilo ni tope lako," alisema. "Nimelitoa kwenye kaburi la baba."

Nilikisogeza kikombe pembeni, nikaendelea kunywa. Alikuwa anasubiri nimwambie pole, na pole ya kudaiwa namna hiyo mimi sina.

Huyu ndiye kitinda mimba wetu. Kwa mila za kwetu Machame, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi pamoja na kihamba chake: migomba, kahawa, zizi la ng'ombe na makaburi. Mimi ni mtoto wa kwanza, lakini ni wa kike, tena nilirudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Baba alinikatia kipande kidogo huko juu, nyuma kabisa ya migomba, akatamka mbele ya watu kwamba njia yangu ya kutokea itapita uani kwa mdogo wangu. Sikupewa kingine. Trekta nililinunua mwenyewe, lile dogo linaloingia kwenye mashamba ambayo matrekta makubwa yanashindwa kugeuza. Nalima mashamba ya watu kule chini, upande wa Bomang'ombe, na hicho ndicho kinachoniweka mjini kwa namna ya kusema. Njia ikizibwa, trekta langu linakuwa banda la kuku.

Tatizo ni kwamba njia hiyo inakatiza mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka mlimani, kwa hiyo haikauki hata kiangazi. Magurudumu ya nyuma yana meno makubwa. Yanachota tope, yanalirusha nyuma na pembeni, na pembeni ndipo walipolala baba na mama. Mdogo wangu aliyajengea makaburi yao vigae vyeupe. Vyeupe! Kwenye udongo mwekundu, chini ya migomba inayodondosha utomvu mwaka mzima. Mtu mwenye akili timamu angechagua rangi nyingine, lakini hakumuuliza mtu. Mimi niliviona vigae vile siku vimeshakauka.

"Litafutie dawa hilo tope," alisema akiwa mlangoni. "La sivyo naweka geti na kufuli. Wazee wa ukoo nimeshawaambia, watakuja Jumamosi."

"Weka tuone," nilimjibu.

Alipoondoka nilikitupa kile kitambaa nje kikamfuata. Halafu nikaketi tena mbele ya chai yangu. Nilijua wazee wangemsikiliza yeye. Yeye ndiye mwenye boma, yeye ndiye anayewachinjia mbuzi Krismasi. Mimi ni dada aliyerudi.

Basi niliamua kumnyima sababu. Madigadi ya bati yaliyokuja na trekta yanafunika gurudumu juu tu, kama kofia ya mtoto. Nilihitaji raba za kuning'inia nyuma na ubavuni, zipokee tope kabla halijaruka. Nilianza na tyubu kuukuu ya lori iliyokuwa stoo. Niliipasua, nikaifunga kwa waya, nikawasha trekta. Kabla sijafika kwenye mfongo gurudumu lilikuwa limeinyonya yote na kuitafuna. Mke wa mdogo wangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe pembeni. Nilimwona akiziba mdomo kwa khanga, na kicheko chake nilikibeba hadi Moshi.

Moshi nilikwenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta mkanda mnene wa mpira, ule wa viwandani wa kusafirishia mizigo, wenye nyuzi ndani. Muuzaji alinichagulia kipande kisicho na nyufa, akaniuliza nakwenda kufanyia nini.

"Nakwenda kumfunga mtu mdomo," nilisema.

Alicheka sana. Mimi sikuwa natania.

Mpira ule haukatiki hivi hivi. Kisu kikavu kinaumana nao na kukwama. Lazima ukichovye kwenye maji ya sabuni, ukate kidogo, uchovye tena. Nilikata nikiwa nimeupigia magoti uani kwangu, na kila nilipovuta kisu nilikuwa nazungumza na mdogo wangu. Nilimwambia mambo mengi. Nilimwambia kwamba mgongoni kwangu ndiko alikojifunzia kulala. Nilimwambia kwamba mwenye kutangulia kuzaliwa ni mimi, na bado naomba ruhusa ya kupita. Maneno hayo niliyapanga vizuri ili niyatoe Jumamosi mbele ya wazee, moja baada ya jingine, bila kulia.

Matundu niliyatoboa kwa msumari niliouchoma jikoni hadi ukawa mwekundu. Moshi wa mpira ni mchungu, unaganda kooni. Nikachukua vyuma bapa, nikazibana raba katikati ya bapa na bati la madigadi, nikakaza nati na washa pana ili raba isichanike kwenye tundu. Kwa sababu ya hasira nilizining'iniza ndefu mno, zikakaribia kugusa ardhi. Nilitaka lisipite hata tone. Lakini njia yetu ni ya mteremko, na kurudi kwangu huwa narudi kinyumenyume maana hakuna nafasi ya kugeuzia. Niliporudi nyuma tu, gurudumu likaikanyaga raba ya kushoto, likaing'oa pamoja na kipande cha bati. Nilipiga kelele iliyowatoa ndege migombani. Kisha nikafungua kila kitu, nikanyoosha bati kwa nyundo, nikazifupisha raba zikaishia juu ya kifundo cha mguu, na chini nikafunga vipande vya mnyororo ili uzito uzizuie zisipeperuke kwenda kwenye meno. Safari hii nilipopita kwenye mfongo, tope lilijipiga kwenye raba likashuka chini kimya kimya. Nilifurahi kwa furaha mbaya, ile ya kumngoja mtu aanguke.

Jumamosi wazee walikuja, wakiongozwa na baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba aliyebaki hai. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na njia ilikuwa uji mtupu. Niliwaamkia, shikamoo kwa kila mmoja. Mdogo wangu nilimruka. Baba mdogo alipapasa vigae kwa kiganja, akaridhika kuwa ni safi.

"Haya mwanangu," aliniambia, "panda, upite tuone."

Nilipita. Nilipita kwa kasi kuliko ninavyopita siku zote, makusudi, nikakanyaga mafuta palepale kwenye mfongo. Nilipozima injini, baba mdogo alikuwa ameshatoa leso yake nyeupe ya kanisani na kuipitisha juu ya makaburi yote mawili. Akaiinua wote waione. Haikuwa na doa.

"Basi," alisema. "Hapa hakuna kesi. Njia ni ya huyu binti kama alivyosema marehemu."

Mdogo wangu alisogea mbele. Aliinama kwenye alama ya gurudumu langu, akachota tope kwa mikono miwili, akalibwaga juu ya kaburi la baba. Mke wake alipiga yowe. Wazee waliokuwa wameketi walisimama wote kwa mara moja.

"Sasa limechafuka," alisema, naye alikuwa ananitazama mimi. "Nani ataliosha? Kila wiki ni nani anayeosha hapa? Mama alivyolala ndani mgonjwa akishindwa kugeuka, nani alikuwa anamgeuza? Wewe ulikuja kuzika. Sasa unapita. Kila siku unapita tu na trekta lako, hata shingo hugeuzi."

Nilishuka na spana mkononi, na ningempiga. Baba mdogo alisimama katikati yetu. Alimwambia mdogo wangu, kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida, kwamba amelitia uchafu kaburi la baba yake na kumwaibisha dada yake mbele ya ukoo, na anajua la kufanya. Mdogo wangu alikwenda mpakani, akavunja jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani, akarudi nalo. Alinyoosha mkono.

"Dada, nisamehe," alisema, kama mtu anayeomba apishwe mlangoni.

Kwetu mtu akikuletea isale, hukatai. Ukilikataa, kosa linahamia kwako, na ukishalipokea, jambo hilo hulifukui tena maisha yako yote. Yeye alilijua hilo, nami nililijua. Yale maneno yote niliyoyapanga nikiwa nimepiga magoti juu ya mpira, mgongo wangu, uzaliwa wangu wa kwanza, yalikuwa tayari mdomoni. Wazee walikuwa wananitazama mkono. Nililipokea jani, nikayameza maneno, na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mdogo wangu wakati ule.

Baba mdogo aliagiza ndoo ya maji na brashi, akatuamuru tuoshe pamoja. Tulichuchumaa, yeye upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni. Alipoona nimemaliza, alinyoosha kidole.

"Kwenye maungio hapo pamebaki," alisema. "Tope huwa linakaa hapo."

Nilisugua hapo. Kweli lilikuwepo.

Geti halikuwekwa. Napita asubuhi na jioni, na vigae ni vyeupe. Njia iko wazi kabisa, na tangu Jumamosi ile hakuna kati yetu aliyeitumia kwenda kwa mwenzake.