Zidaka za Fundi Djaffar

Mume wangu Djaffar hakuuza kitabu hata kimoja. Wanaosema kwamba karanga za sokoni Mahajanga zilifungwa kwa kurasa za maktaba yake hawakuziona kurasa hizo. Mimi nilikuwa mke wake, na ninaandika nilichokiona.

Alizaliwa Ambanoro, Nosy Be, katika nyumba ya mawe ya babu yake. Uashi alifundishwa na baba yake, na kuchora ramani alifundishwa na Mfaransa mmoja wa ofisi ya ujenzi, aliyemwita "kijana" hata alipoota mvi. Mimi nilisoma zaidi yake, na sikuficha. Barua zake nilizisahihisha kwa wino mwekundu.

Mwaka wa pili wa uhuru, mji wetu wa Mahajanga ulitaka maktaba ya watu wote. Iliyokuwapo ilikuwa chumba cha klabu ya Wazungu, na sisi tuliijua kwa nje tu. Mfaransa akachora ukumbi mmoja wa vioo, wenye meza ndefu katikati. Djaffar aliitazama ramani ile siku mbili, kisha akaingia mitaani na daftari. Wapagazi wa bandarini walimwambia kwamba maktaba inayofungwa kabla hawajatoka kazini si yao. Wauza samaki walitaka mtu wa kuwasomea barua. Akina mama wa Kikomoro walimcheka: "Tuketi meza moja na wanaume? Halafu binti zetu utawaoa wewe?"

Akachora upya. Aliweka taa barazani kwa ajili ya wapagazi, kijichumba cha msomaji wa barua, na upande wa uchochoroni chumba cha wanawake chenye mlango wake.

Zoubeir, katibu wa kamati ya maktaba, aliikunja ramani. "Fundi, hii ni maktaba au nyumba ya wake wa sultani?"

"Ni mahali ambapo mama yako ataingia," Djaffar alimjibu mbele ya watu. Zoubeir hakusahau.

Kamati ilikikubali chumba kile, lakini ikakipunguza upana kwa nusu. Makabati hayakuenea. Hapo ndipo nilipotia mkono mimi. Nilimwambia achimbe zidaka, vile vishubaka vya ukutani kama vya nyumba ya babu yake, walimoweka misahafu, na kila kimoja akitie kilango cha mbao.

"Zidaka za nyumbani ziko ukuta wa ndani," alisema. "Huku ukuta mnene ni wa nje tu, na unapigwa na mvua."

"Basi weka vitabu vya watu kwenye mbao za masanduku ya sabuni, wajue nimeolewa na nani."

Akazichora zidaka.

Na ni zidaka zilizowavuta watu. Nyumba ishirini na tatu zilitoa vitabu vya wazee wao, kwa sababu ukuta ule ulifanana na kwao. Koko Koulsoum, bibi wa mtaa wetu, alitoa kitabu cha maulidi alichonakili baba yake kwa mkono wake. Kila alasiri aliketi chini ya kidaka chake. Hakujua kusoma. Aliketi tu, akiwasikiliza wasichana.

Kisha ikaja Ramadhani katikati ya mvua kubwa. Chumba cha wanawake kilifungwa mwezi mzima. Baada ya Idi, Djaffar alifungua vilango, akarudi nyumbani amebeba donge la karatasi viganjani, limelainika kama muhogo uliopondwa.

"Vyote viko hivi," alisema. "Nitawaita niwaonyeshe."

"Uwaonyeshe nini? Kwamba tumeliozesha jina la Mungu kwa mikono yetu? Mwashi mzima hukujua maji hupenya?"

Nilimwambia hivyo, mimi niliyezitaka zidaka zile. Hakunikumbusha.

Maandishi yenye jina la Mungu hayachomwi wala hayatupwi jaani. Huzikwa mahali safi, pasipokanyagwa. Alivitia vitabu katika magunia, akavitoa Ijumaa saa ya sala, wanaume wakiwa msikitini, ili asionekane. Alisahau kwamba wanawake hawakuwa msikitini. Walikuwa madirishani.

Kabla ya alasiri alikuwa mwizi, tena mwizi aliyeikosa Ijumaa.

Koko Koulsoum alikuja mlangoni na nusu ya mtaa nyuma yake. "Fundi, nipe kitabu cha baba yangu."

"Hakipo, Koko."

"Umekiuza?"

Djaffar alinitazama. Mimi niliendelea kuchagua mchele.

"Sina la kusema, Koko."

"Na kwenye kaburi lako wasiwe na la kusoma," alisema yule bibi, akageuka.

Djaffar aliachishwa kazi wiki hiyo. Kwa miaka mitano muuza karanga aliniuliza, watu wakisikia, "Mke wa fundi, leo nikufungie kwa kitabu gani?" Mume wangu alijenga mabanda ya kuku huko Amborovy, nje ya mji, na hakutaja zidaka wala mimi. Alipokufa, waliokuja kusoma hitima walikuwa watatu, na mmoja alikuwa kiziwi. Chumba cha wanawake kilikuwa kimewekwa viti vibovu.

Lakini jina lake, lililochongwa juu ya mlango wa maktaba ilipofunguliwa, lilibaki. Mwezi uliopita, nilipoanza kusema kwamba vitabu vilioza vikazikwa, Zoubeir alikuja kwangu na watu wawili wa kamati. Alikataa kahawa.

"Shemeji, watu wanataka jina lile liondoke. Kama vitabu vilizikwa kama unavyodai, tuonyeshe mahali. Tukiviona, jina linabaki."

"Mtafukua?"

"Tutaonaje bila kufukua?"

"Zidaka nilizitaka mimi, Zoubeir. Andika hilo."

"Hilo kila mtu anaweza kusema. Magunia yako wapi?"

Djaffar aliiosha mikono yake mara tatu kabla ya kuvizika vitabu vile, na alivilaza kama maiti, vikielekea kibla. Siwezi kuwapa watu wale koleo wayachokonoe maneno ya Mungu ili mume wangu asafishwe. Niliwafungulia mlango watoke.

Jumatatu jina lilifutwa kwa patasi. Nilisimama barabarani mpaka herufi ya mwisho. Mahali vilipo vitabu ninapajua mimi peke yangu. Sitapataja, si kwa kamati, si kwa wanangu, na swali hilo sitalijibu tena.