Darasa la Nje ya Dirisha

Nilimpelekea binti yangu koti chuoni, nikamkuta nje ya ukumbi wa mihadhara, kasimama juu ya tofali, shingo kaiingiza dirishani. Ndani walijaa hadi kwenye ngazi. Kando yake, mwenzake mrefu, wanayemwita Redio, alikuwa akirudia kila neno la mhadhiri ili wenzao waliosimama nyuma, huko nje, wasikie.

"Ndivyo mnavyosoma kila siku?"

"Leo afadhali, mama. Hakuna mvua."

Mhadhiri akamsikia Redio. "Fungeni hilo dirisha, mnanipigia kelele."

Damu ilinichemka. Mwanangu alichaguliwa kihalali kama hao waliokaa. Nikaweka mkono kwenye fremu.

"Mwalimu, wakilifunga watanibana vidole. Wewe endelea kufundisha."

Redio akaninong'oneza, "Mama, hapo usibanduke."

Sikubanduka mpaka kipindi kilipoisha.