Kuku Wasio na Macho

Kuku walifika Kiseke kwa bajaji. Walikuwa wamepangwa kwenye kiti cha abiria, wamefunikwa turubai, na maji yalidondoka njia nzima kutoka barabara ya lami mpaka mlangoni kwetu. Dereva alishuka akauliza nani anapokea mzigo. Mama akasema, "Mimi," kabla hata hajajua anapokea nini.

Walikuwa kuku wa kisasa, wameshachinjwa na kunyonyolewa, hawana vichwa, hawana miguu, hawana matumbo. Jirani yetu mfugaji alikuwa amewaandaa kwa ajili ya mkutano mkubwa hotelini, na asubuhi hiyo akapigiwa simu kwamba mkutano umehamia Dodoma. Wajumbe wakahama, kuku wakabaki. Friji yake ilikuwa imejaa, umeme nao ulikuwa unakuja kusalimia tu na kuondoka. Akaona ni heri awatoe sadaka kwa mtaa kuliko kuwafukia. Sharti lake lilikuwa moja: wapikwe leo leo.

Hapa inabidi nieleze kwa nini mama alidakia ile "mimi" yake. Kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa mpishi mkuu wa misiba na harusi za mtaa wetu, na alama ya cheo hicho ilikuwa mwiko wa kikundi cha akina mama, mrefu kama mpini wa jembe, ambao hukaa nyuma ya mlango wa mpishi mkuu. Kisha ikaja sherehe moja ya kipaimara, matumbo ya watu yakachafuka. Kosa lilikuwa la kachumbari iliyoshinda juani, na aliyeileta alikuwa mtu mwingine kabisa, lakini lawama hupenda kumwangukia mkubwa. Mama mmoja muuza samaki, mwenye meza yake pale njia panda, alisimama kwenye kikao akasema mkono wa mama yangu umechoka. Mwiko ukahamia nyuma ya mlango wake. Tangu siku hiyo, penye shughuli yoyote, mama alipewa kazi ya kumenya vitunguu saumu nyuma ya nyumba pamoja na wasichana. Alimenya bila neno. Mimi ndiye niliyekuwa nawaka, na sikuwa na wa kumwakia.

Kwa hiyo wale kuku walikuwa kesi ya rufaa. Mtaa ukila ukaamka salama, mwiko utarudi. Akiugua hata mmoja, mama atanyang'anywa hata vitunguu saumu.

Alianza kwa kuagiza barafu mwaloni kwenye soko la samaki la kando ya ziwa, ile wanayohifadhia sangara, akawalaza kuku ndani ya mabeseni kivulini. Kisha akachana kanga nyekundu iliyokuwa nzima kabisa, akawafunga vitambaa mkononi wote watakaoshika nyama mbichi. "Mkono ulioshika kibichi haushiki kilichoiva," alitangaza. "Wala hausalimii."

Hilo la mwisho ndilo lililotutesa. Kwetu mtu hafiki mahali akakaa tu. Anazunguka akimpa kila mmoja mkono. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mstaarabu, aliingia uani akawapa mkono akina mama wote wa vitambaa vyekundu, huku wakipiga magoti kumwamkia. Mama akampeleka kwenye ndoo na sabuni. Akanawa, akageuka, akakuta wengine wamefika, akawapa mkono nao, wakiwemo wawili wenye vitambaa. Akarudishwa kwenye ndoo. Mara ya tatu akauliza kwa upole kama amekuja kula au kubatizwa. Ikabidi iamuliwe kwamba siku hiyo mtaa mzima utasalimiana kwa viwiko, na watu wazima wenye heshima zao wakaanza kugonganisha viwiko huku wakisema, "Shikamoo," "Marahaba," kwa nyuso zisizocheka hata kidogo.

Mama muuza samaki alifika wakati sufuria zinabandikwa. Hakugonga kiwiko na mtu. Aliinama juu ya beseni, akanyanyua kuku mmoja, akamgeuza mbele na nyuma.

"Samaki unamtazama macho," alisema. "Hawa macho yao yako wapi?"

Sisi ni watu wa ziwa, na swali lilikuwa la haki. Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba kitoweo kizima kinakutazama, na kilichooza kinatazama pembeni. Watu wakasogea kwenye mabeseni. Mzee mmoja akanyanyua bawa la kuku vilevile unavyonyanyua shavu la sato kuona wekundu wa matamvua, akachungulia kwapa, akasema, "Hapa kama pamepauka." Mwingine akabonyeza kidari aone kama kitarudi. Bila hata kufikiri, na mimi nilinyanyua bawa la wangu. Nilichungulia kwapa la kuku kwa umakini mkubwa, nikaridhika.

"Wana harufu ya sangara," mtu akasema.

"Ni barafu," mama akasema.

"Basi angalau wangekuwa na macho."

Mama hakubishana. Aliwachemsha kwanza, akawachemsha tena, kisha akaita mwenyekiti awe shahidi. Kila sufuria ilipoonekana imeiva, alichoma kisu kwenye unene wa paja, pale karibu na mfupa, akabonyeza. Mwenyekiti aliinama huku miwani yake ikijaa mvuke, akatazama majimaji yanayotoka, kisha akasimama wima kutangaza kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi: "Maji meupe! Hakuna damu!" Watu wakapiga makofi. Sufuria moja ilitoa maji yenye uwekundu kidogo, akatangaza, "Irudiwe!" na makofi yakawa makubwa zaidi.

Wakati wa kula, mama alileta sheria iliyokaribia kuvunja urafiki wa miaka: hakuna kubeba. Kila mtu ale hapahapa, kikiwa cha moto. Kwetu shughuli isiyo na cha kufungiwa waliobaki nyumbani ni tusi, na kila mwanamke alikuwa amekuja na kimfuko chake kimekunjwa vizuri. "Waliobaki nyumbani waje," mama akasema. Wakaja, hadi ndugu wa kutoka Mkolani, upande mwingine wa jiji. Yeye mwenyewe alisimama getini akikagua mikoba. Paja moja lilikamatwa ndani ya kofia ya mwalimu wa kwaya, naye akalila palepale getini, amesimama, mama akimtazama mpaka mfupa.

Mama muuza samaki hakula. Alikaa kidogo, akajitanda kanga yake, akasema, "Mimi sili kitu kisichoniangalia," akaenda zake. Nilitamani kumjibu. Mama alinikanyaga mguu.

Asubuhi mama alifagia uwanja ambao ulikuwa tayari safi. "Nenda kawasalimie watu," akaniambia. Nilijua maana yake. Nikazunguka mtaa mzima nikiuliza matumbo yameamkaje, na sijawahi kuwaona watu wenye afya ya kukera namna ile. Mwenyekiti alisema tumbo lake liko imara isipokuwa lina huzuni, maana hakupata firigisi, na mzee wa heshima yake hulaje kuku bila firigisi? Mwalimu wa kwaya alisema hajambo, akafunga mlango.

Pale njia panda, meza ya samaki ilikuwa tupu.

Nyumbani kwake nilimkuta mama muuza samaki ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, midomo imemkauka. Nikaona rufaa yetu imeanguka, kisha nikakumbuka kwamba hakuonja hata mchuzi wetu. Akanieleza kwamba tumbo limemwendesha usiku kucha: aliporudi nyumbani jana na njaa na hasira, alimpasha moto kidogo tu sato aliyebaki tangu juzi, akamla.

"Alikuwa na macho mazuri kabisa," alisema, karibu kulia.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, mimi mtu mzima, kwa furaha ambayo sitaisingizia jina zuri. Nilitaka kupitia dukani, nilitaka kupitia kwa kinyozi, nilitaka mtaa wote ujue kabla chai haijachemka. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatia maji yaliyochemshwa kwenye chupa, sukari na chumvi kidogo, akakoroga uji mwepesi, akaweka vyote kwenye kikapu.

"Umemwambia mtu?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Yule anaishi kwa ile meza."

"Na wewe? Yeye alikuonea huruma?"

"Mimi nilimenya vitunguu," mama akasema. "Najua vinavyonuka."

Tulimkuta amejilaza kwenye mkeka. Mama alimkalia karibu, akamnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Hatimaye yule mama akageuza uso kuelekea ukutani.

"Wakijua, nani atanunua samaki kwangu?"

"Kunywa."

"Ile kachumbari haikuwa yako. Nilijua."

"Kunywa kwanza."

Akanywa. Kisha, akiwa bado ameutazama ukuta, akasema, "Uko nyuma ya mlango."

Kutoka kwake mpaka kwetu ni kukata uchochoro mmoja tu. Mama hakukata uchochoro. Aliuweka ule mwiko begani, akapita mbele ya maduka, akapita kwa kinyozi, akazunguka kanisani, akapita nje ya geti la mwenyekiti, mimi nyuma yake na kikapu, nimeuma ulimi mpaka unauma kweli. Watu walitoka vibarazani. Walimwamkia, wakautazama mwiko, wakamtazama yeye, na nilimwona mama yangu akitembea kama zamani.

Pale njia panda mwenye duka akauliza mbona mama wa samaki hajafungua leo.

"Malaria," mama akasema, akauhamishia mwiko bega la pili.