Kupeleka Bia ya Miaka Thelathini Kingsbury

Niliondoka Kibosho kwenda kumwona mdogo wangu Elia, aliyekaa London miaka saba bila kurudi. Niliogopa ndege, niliogopa maofisa wa uhamiaji, niliogopa baridi. Yote hayo yalipita salama. Kilichokuja kuninyima amani ni chupa moja ya bia.

Siku nilipofika nyumbani kwa Elia, mtaa wa Barking, alinisimulia kazi yake. Elia humhudumia mama mmoja mgonjwa, Mama Kavita, Mhindi mzaliwa wa Moshi. Nyumba yao huko Kingsbury hupashwa joto kutwa kucha kwa ajili yake, ndiyo maana mumewe, Mzee Jayesh, alimpa Elia bia yao ya mwisho aitunze kwake, katika kabati la baridi chini ya ngazi. Waliinunua walipohamia Uingereza, miaka thelathini iliyopita. Elia akanieleza kwamba bia nyepesi za Ulaya hunywewa zikiwa changa, lakini hizi kali za shayiri huwekwa gizani zikomae. Jumapili ingefunguliwa, Mama Kavita aonje akingali anaweza kumeza.

Miaka thelathini! Mimi napika mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege siku ya nne imeshakuwa siki. Niliihurumia ile chupa. Elia alipokwenda kazini nikaitoa, nikaivika sweta na kuiweka kando ya hita ya sebuleni, nyuma ya kochi, kama ninavyosogeza pipa karibu na jiko ili pombe iamke. Ikakaa hapo siku nne.

Jumapili asubuhi, Elia alikuta kabati tupu. Nilimwonyesha chupa kwa fahari kabisa.

"Dada, umefanya nini? Joto ndilo linaloiua!"

Kununua nyingine haikuwezekana. Kiwanda chenyewe kilishafungwa zamani.

Kwenye treni niliishika wima mapajani, mashapo yasitibuke. Elia aliongea bila kunitazama.

"Usiseme kitu, please. Wakijua nimeiacha hivyo, kazi sina."

Tulipopita maduka ya Wagujarati ya Kingsbury nilitembea polepole makusudi. Elia alikuwa mbele, ananiita kwa mkono.

Saa sita mchana tuliingia. Mzee Jayesh alikuwa amevaa tai, na glasi zimepangwa mezani. Mama Kavita alikaa kitini karibu na dirisha, blanketi magotini.

"Karibu dada! Habari za Kibosho? Mvua zimenyesha?" Mzee aliniuliza.

Nilijibu sijui nini. Mzee akachukua kifungulio. Kwetu mpishi huonja mbele ya wageni, na pombe ikiwa na kasoro anaisema mwenyewe kabla kata haijazunguka. Nilijaribu kunyamaza kwa ajili ya mdogo wangu, nikashindwa.

"Mzee, subiri. Niliiweka kwenye joto siku nne. Nilidhani naitunza. Elia hakujua."

Elia alifumba macho. Mzee aliitazama chupa, akaifungua. Ilitoa pumzi kidogo tu. Alimimina bia nyeusi, akachota kijiko na kumpelekea mkewe.

"Tende," alisema Mama Kavita, kwa Kiswahili, na akafungua mdomo tena. Alikunywa vijiko vitano.

Mimi nilionja tende kweli, na nyuma yake ladha ya boksi lililolowa. Mzee alipiga funda moja, akaweka glasi chini na hakuigusa tena.

Saa tisa alitusindikiza mlangoni. Alimwambia Elia, "Kesho saa ile ile, kijana wangu," na mdogo wangu akashusha pumzi hadi nikaisikia. Nikaomba radhi tena.

"Imeharibika, dada, sikufichi," alisema Mzee Jayesh. "Mke wangu hakuliona hilo, nashukuru. Lakini usingesema, ningedhani ni mimi niliyechelewa kuifungua. Ningekufa nikidhani hivyo."