Mama mkwe anahamishwa kwa moto niliouwasha mimi

Admin, lifiche jina langu na la mke wangu, maana hata yeye yumo humu, anasoma na kuwashauri wenzake.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, fundi seremala, naishi Boko na mke na watoto wawili. Ninakaa ukweni. Cheka kwanza, nakusubiri. Mama mkwe alipofiwa na mumewe alibaki peke yake, akatuita tuhamie kwake, akanipa na banda la uani niweke karakana. Kaka wa mke wangu hakupenda. Alinipa sharti mbele ya wote: "Shemeji, siku mashine zako zikileta balaa hapa, unahama na familia yako." Mama akamwambia nyumba ni yake na mkwe ni wake. Tangu siku hiyo nampenda yule mama kama aliyenizaa.

Vumbi lilipozidi, niliunda mashine ya kulivuta: feni kubwa, bomba la plastiki na mfuko wa turubai wa kupokea vumbi la mbao. Banda likawa safi hadi majirani wakaja kushangaa. Nikajiona injinia.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa nakata vyuma vya miguu ya meza kwa grinda. Mama akaja ameshika shuka yake nyeupe. "Baba, hebu angalia. Unga wa vyuma vyako unatua kwenye kamba, shuka zangu zinaota kutu." Nikaona aibu. Nikachukua bomba la mashine ya vumbi, nikalielekeza pale cheche zinaporukia, liwe linavuta na unga wa chuma. Mafundi wenzangu najua mmeshashika vichwa. Nilikuwa nazivuta cheche za moto na kuzipeleka kwenye mfuko uliojaa vumbi kavu la mbao! Nilipozima nikasikia harufu ya kuungua. Nikajiambia ni jiwe la grinda limepata joto, nikaenda kuoga, nikaelekea msikitini.

Mama kila Ijumaa hufukiza udi. Alizungusha chetezo chumba hadi chumba, kisha akakiweka nje ya mlango wa banda kipoe. Baadaye akaona moshi unatoka bandani, akaingia kuuvuta ule mfuko kwa mikono yake. Niliporudi, majirani walikuwa wameshamwaga maji na mchanga. Paa limeanguka upande mmoja, na mkono wa kulia wa mama umeungua hadi kwenye kiwiko.

Shemeji alipofika hakuniuliza kitu. Alikiona chetezo. "Mama, si nilikuwaga nakwambia hayo makaa yako? Umri umeenda, unasahau unapoacha moto!" Mama akasema taratibu, "Labda upepo ulirusha kaa. Mniwie radhi." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilifungua mdomo, nikawaona wanangu, nikaziona mashine zangu zinapakiwa kwenye kirikuu, nikaufunga.

Kesho yake nilisafisha mabaki peke yangu. Mfuko ulikuwa umeanza kuungua kwa ndani, kwenye kitako, na majivu yake yalijaa chembe za chuma. Mlango, pale kilipokaa chetezo, haukuwa na hata doa. Yale majivu nikayamwaga chooni. Siku ya kwanza ningeweza kusema niliogopa, lakini hapo nilijua kabisa ninachofanya.

Mama ameacha kufukiza udi. Juzi alinifuata kibarazani, mkono umefungwa bandeji. "Baba, nimekuharibia riziki yako. Nisamehe." Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nimekusamehe, mama." Naandika haya natamani kujizaba vibao.

Sasa familia imeamua mama haachwi tena karibu na moto. Jumapili hii shemeji anamhamishia kwake Buguruni, akae chumba cha uani, asipike, asishike hata kiberiti. Mama amekubali kwa sababu anaamini angeweza kuwaua wajukuu zake. Mke wangu analia, lakini naye anaamini hivyo hivyo. Nikisema ukweli tunafukuzwa, na sina uhakika kama mke wangu atatoka nami au atabaki na mama yake. Nikinyamaza, mwanamke aliyenipokea anatolewa kwenye nyumba yake kwa kosa langu. Silali vizuri, nikisikia anakohoa chumbani kwake nashtuka.

Leo baada ya swala ameniita. Nguo zake zimeshafungwa. Akanikabidhi ufunguo wa chumba chake. "Weka mbao zako humu, baba. Hapa ni mbali na jiko, zitakuwa salama." Nikaupokea kwa mikono miwili, nikasema asante mama. Asante!

Ndugu zangu, matusi nayastahili, ila naomba na ushauri ndani yake. Nianzie kwa mke wangu, kwa shemeji, au niende nimpigie magoti mama mwenyewe? Nifanye nini jamani? Nijibuni leo au kesho, maana ushauri wa Jumatatu utamkuta mama hayupo.