Bibi Aliyesimulia Mchana

Juzi nikitoka sokoni Lindi kurudi kwangu Mtanda nilinusa moshi wa korosho zinazochomwa, nikasimama njiani. Wewe uliyekulia huku unaujua moshi ule, unavyowasha macho na bado ukautamani. Mimi ulinirudisha kijijini, uani kwa bibi mzaa mama.

Bibi alikuwa msimuliaji. Msimu wa korosho alitukusanya, mimi na watoto wa jirani, tukabangua huku mikono tumeipaka majivu utomvu usituunguze, naye akisimulia. Hakutaka msikilizaji bubu. Akiimba wimbo wa hadithi, tuitikie. Tukizubaa ananyamaza palepale, binti wa watu tumemwacha ndani ya tumbo la zimwi, mpaka tuitikie vizuri.

Ila alisimulia mchana, na kwetu hadithi ni za usiku. Anayesimulia jua likiwaka huambiwa ataota pembe. Siku moja jirani akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Bibi, hizi hadithi za mchana zitatuletea mkosi. Ukiendelea, wanangu hawaji tena."

Bibi hakuinua macho. "Usiku wanasinzia, na mimi nimechoka. Hadithi alizonipa mama yangu nife nazo kwa kuogopa pembe? Njoo unishike kichwa, uone kama zimeota."

Jirani hakumshika. Kesho yake watoto hawakuja. Niliogopa mno, maana bila waitikiaji bibi hakuwa msimuliaji, alikuwa kizee anayebangua korosho. Akaanza hivyohivyo. Wimbo ulipofika nikaitikia peke yangu, kwa sauti ndogo. Bibi akanyamaza, hakuridhika. Nikapiga kelele hadi koo likauma. Ndipo kiitikio kikaja kutoka ng'ambo ya ua wa makuti, watoto wote wa jirani, na sauti ya mama yao ikiwa juu kuliko zote. Bibi akaendelea na hadithi.

Bibi ameshazikwa. Korosho sasa zinapelekwa ghalani na maganda yake, na nyua zile zimebomolewa. Wanangu wananiambia niache kusimulia, mambo hayo yamepitwa na wakati, watu wana simu. Siachi. Mchana kweupe nakaa barazani kwangu, nasimulia, naimba. Wapita njia wanamwona mwanamke mzima anaimba na kujiitikia mwenyewe, wanacheka. Wacheke. Ukipita Mtanda ukanisikia, usiniamkie kwanza. Itikia.